Miji Tuliyoimba

Nilipofika Shard End, pembezoni mwa Birmingham, walikuwa wameshatoa viti mpaka kwenye kibustani cha mbele. Wanaume walikaa hapo na makoti yao, wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu nani atakwenda kuwapokea ndugu wa marehemu wanaotoka Norway, na waliponiona wakanipisha bila kukatiza hoja. Sikuwalaumu. Mwanamke wa umri wangu akiingia kwenye matanga na sufuria mkononi haulizwi anakwenda wapi. Ndani, makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani na magodoro yametandikwa sakafuni, na juu ya moja alikuwa amekaa Mama Zawadi, miguu ameinyoosha, kitenge amejifunga kichwani, wanawake wenzake wamemzunguka. Picha ya mumewe, Papa Etabo, ilikuwa imesimamishwa mbele ya televisheni iliyozimwa. Nilipiga magoti kumkumbatia, na kusimama tena ikawa kazi. Ilibidi msichana mmoja anishike kwapa. Nimewainua wazee wa watu kwa miaka mingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na sasa ninainuliwa mimi.

Kevo, tuliyeimba naye zamani, nilimkuta jikoni akila mandazi amesimama. Amenenepa, ana watoto wawili wanaomjibu kwa Kiingereza akiwasemesha Kiswahili, na ndevu zake zimeingia mvi upande mmoja tu. Alikuwa ameendesha gari kutoka Leicester asubuhi hiyo. Aliniangalia nikiweka sufuria yangu kati ya sufuria nyingine, akangoja wanawake watoke, kisha akaniinamia.

"Watatuitisha ile wimbo, Aunty. Si unawajua hawa. Na mwenye sauti ya besi ndio huyo amelala."

Nikamwambia sina wimbo, sina sauti na sina magoti, nimekuja kukaa tu na kunywa chai ya watu. Akacheka kwa adabu, akanimiminia chai. Nilikuwa nimetoka kwenye shifti saa chache kabla na sikuwa nimelala vizuri, na ukweli ni kwamba nilitamani kuulaza mgongo kwenye lile godoro pamoja na wafiwa. Lakini wimbo ukishatajwa hauondoki. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na friji, kikombe mkononi, na mwaka ule wote ukaja ukanikalia mapajani.

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, na Birmingham nilikuwa nimeizoea vya kutosha kuichoka. Nilipanga chumba cha nyuma, ghorofa ya juu, kwenye moja ya zile nyumba ndefu za matofali za Handsworth, na asubuhi niliamshwa na harufu ya vitunguu vya jirani wa chini, mama wa Kipunjabi aliyeanza kupika kabla jua halijafikiria kuchomoza. Kazi yangu ilikuwa Great Barr, kwenye nyumba ya wazee, na mabasi ya kwenda huko nilisafiri nimefumba macho. Kazi yenyewe siilaani, imenilisha. Lakini kutwa nzima nilikuwa mkono wa mtu mwingine, mguu wa mtu mwingine, kumbukumbu ya mtu mwingine. Bibi mmoja aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa utotoni, nikaitika, kwa sababu kumsahihisha kulimtia uchungu upya kila mara. Nikirudi chumbani sikuwa na hamu hata ya kujitazama kwenye kioo. Ndiyo maana nasema wazi, bila aibu: mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu, kusimama mbele na kuimba sauti ya kwanza, na watu wengine wanifuate mimi.

Kanisa letu lilikuwa la Wakongo na Wakenya, Wakongo wengi zaidi, na tulikodi ukumbi wa kanisa la Waingereza nyuma ya Soho Road, Jumapili mchana, wenyewe wakishamaliza ibada yao na biskuti zao. Mwanzoni mwa mwaka ule majirani walilalamika. Wenye ukumbi wakaja na tabasamu na kusema tuendelee kumsifu Mungu, ila ngoma basi, kinanda basi, vipaza sauti basi. Wakenya tulinung'unika tukazoea. Wakongo waliupokea kama msiba. Nilimsikia mama mmoja mlangoni akimwambia mwenzake kwamba kanisa bila ngoma ni mkutano wa wagonjwa, na kwa muda kweli tulikaa hivyo, tumejikunyata ndani ya majaketi, tukiimba kama watu walioagizwa na daktari. Kwaya ikasambaratika. Wapiga ngoma walihamia kanisa lingine lenye jengo lake, waimbaji wakawafuata wapiga ngoma, na siku ya mazoezi tukajikuta watu watatu: mimi, Kevo aliyekuwa mwanafunzi mwembamba mwenye suruali za kuning'inia, na Papa Etabo.

Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye sauti iliyotokea mahali pa chini sana hivi kwamba mara ya kwanza nilidhani redieta ya kupasha ukumbi joto imeanza kufanya kazi. Alifunga sandwichi kiwandani na aliishi huko huko Shard End, basi hili mpaka mjini, basi lile mpaka kwetu, na hakuwahi kuchelewa. Mkewe na watoto walikuwa kambini Tanzania. Makaratasi yao ya kuja Uingereza yalikuwa kwa wakili, na wakili alikuwa anasubiri watu wengine, na hao watu wengine hakuna aliyewajua. Papa Etabo hakulisimulia jambo hilo. Ukimuuliza habari za nyumbani alisema "bapo," wapo, na kurudi kwenye wimbo.

Katikati ya wiki ukumbi mkubwa haukuwashiwa moto, kwa hiyo tulifanyia mazoezi kwenye korido ya kwenda chooni, ambako bomba la maji moto lilipita. Huko ndiko alikotukuta Mista Winston. Alikuwa mtunza jengo, mzee wa Kijamaika mwenye kofia ya sufu na funguo nyingi kiunoni, aliyeingia Handsworth akiwa kijana. Alisimama na fagio lake akatusikiliza mpaka tukaona haya. Kisha akafunga milango yote miwili ya korido, akamsogeza Papa Etabo kwa mabega mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa vigae, akasema imba tena. Sauti ikatuzunguka. Mista Winston akavua kofia, akaeleza kwamba zamani yeye na vijana wenzake waliimba hivyo kwenye ngazi za nyumba ya kupanga, wakiiga vijana weusi wa Marekani waliokuwa wakisimama kwenye kona za mitaa bila ala yoyote, mdomo ukiwa gitaa, mdomo ukiwa ngoma. Waliuita mtindo huo du-wop. Kwa nini uliitwa hivyo utaelewa ukiusikia: mmoja yuko mbele anasimulia, wawili wanamtandikia chini yake kwa maneno yasiyo na maana, shu-du-bi, shu-du-bi, na wa mwisho, wa besi, anatembea. Neno hilo lilikuwa lake. Alisema besi haiimbi, inatembea.

Papa Etabo hakujua Kiingereza na Mista Winston hakujua Kiswahili wala Kifaransa. Nilitafsiri wiki ya kwanza, nikachoka, nikaacha, na hawakugundua nimeacha. Mista Winston akachukua sauti ya tatu, Kevo ya pili, na mimi, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, nikawa mbele. Wimbo tulioanza nao aliuleta Papa Etabo, wimbo wa shukrani wa watu wa kwao kwa kuvuka maji salama. Tuliuweka juu ya shu-du-bi ya Mista Winston nao ukakaa vizuri, ukazidi hata vile tulivyotarajia. Jambo moja tu lilimfanya Papa Etabo kuwa mkali: mahali pangu pa kuingilia. Alianza peke yake na besi, akazunguka, akazunguka tena, na mimi kila mara niliingia mapema kwa sababu nilikuwa na hamu. Alininyooshea kiganja. Ngoja. Aliniambia wimbo ule hauingiwi mbio, ni lazima aliye mbele amwache aliye chini apite mara mbili, ndipo amfuate. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani ni mambo ya muziki.

Jumapili tuliyoimba mara ya kwanza mbele ya kanisa ndiyo bado inamchekesha Kevo. Hatukuwaza. Tulisimama, Papa Etabo akaanza dum, dum, dum, akina Kevo wakajibu shu-du-bi, mimi nikangoja kama nilivyofundishwa, na kabla sijaingia nikaona akina mama wa safu ya mbele wamefumba macho na mikono wameinua. Walidhani tunanena kwa lugha. Ungewalaumu kwa lipi? Watu wanne wamesimama madhabahuni, macho yamefungwa, wanatoa maneno ambayo hayapo katika lugha yoyote ya duniani. Nikaimba sehemu yangu hivyo hivyo. Tulipomaliza, Mama Eliza, mkuu wa maombi, alisimama akitetemeka kutoa tafsiri.

"Bwana anasema, mulango wa mutu mumoja umefunguka. Watu wake beko njiani."

Kanisa likalipuka. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mtu mmoja huyo ni nani. Vichwa vyote vilimgeukia Papa Etabo. Mista Winston, ambaye hakuelewa kitu, aliinama kushukuru makofi. Nami nilimwona Papa Etabo akishika ukingo wa mimbari, na uso wake sikuweza kuutazama. Alijua tulichoimba. Alijua hakikuwa na maana. Na bado alikuwa anaipokea ile tafsiri kwa mikono yote miwili.

Baada ya ibada alikwenda mwenyewe kwa Mchungaji kumweleza, kwa sababu alikuwa mtu wa namna hiyo. Nilikuwa naosha vikombe na nilisikia yote. Mchungaji aliuliza yale maneno yalikuwa lugha gani, na Papa Etabo akasema si lugha, ni sauti tu, mzee wa funguo ametufundisha. Mchungaji akasema kwa upole kwamba hawezi kuwaaibisha akina mama, kwa hiyo ya leo tuiache ilivyo, lakini kuanzia sasa kila kinachotoka mdomoni katika nyumba ile kiwe na maana. Kevo alikasirika sana. Alisema huo ndio mwisho wa du-wop, ati huwezi kutoa shu-du-bi ukabaki na kitu. Mimi pia nilidhani tumekwisha, na niliumia kuliko nilivyoonyesha. Mazoezi yaliyofuata tulisimama kwenye korido tumeduwaa, Mista Winston akichezea funguo, mpaka Papa Etabo akauegemea ukuta wake wa vigae na kuanza kutembea.

Uvira. Makobola. Mboko. Baraka. Fizi. Uvira.

Ilikuwa miji ya kwao, ya kando ya ziwa, kwa mpangilio wa mtu anayeshuka barabara ile na kurudi. Hakuna aliyeweza kusema haina maana. Kevo akajibu kwa mitaa yake ya Nairobi, Kayole, Umoja, Kayole, Umoja, Mista Winston akaomba Clarendon kwao Jamaika akapewa, na mimi nikaruhusiwa kuweka Bungoma kwetu mwishoni mwa ubeti. Papa Etabo akanigeukia na kiganja chake.

"Sikia. Uvira ya kwanza, hapana. Uvira ya pili, donc njo unaingia." Yaani hapo ndipo niingie.

Nadhani hatukujua tumefanya nini mpaka Jumapili ile. Watu walikuwa wanaimba pamoja nasi kwa furaha, kisha jina likapita, Mboko, na mwanamke mmoja wa nyuma akakaa chini ghafla na kujifunika uso. Baadaye hakuna aliyeuliza kuhusu sauti zetu. Waliuliza mbona Kalemie haimo. Mbona Bukavu haimo, wakati nusu ya kanisa imetoka Bukavu? Ikawa desturi, sijui nani aliianzisha, kwamba familia inayotaka mji wake uingie kwenye wimbo inawaalika waimbaji kula. Kalemie tuliiimba baada ya sombe, yale majani ya muhogo, na bugali katika fleti ya ghorofa ya juu ambako lifti ilikuwa imekufa. Kwa ajili ya Kisumu, nesi mmoja alitupikia samaki mzima na akakaa kuhakikisha tumemaliza kichwa. Vyumba vile navikumbuka kuliko nyuso: kochi lenye nailoni ambayo haikuvuliwa, pazia zito, saa ya ukutani yenye picha ya Yesu, watoto wanaangalia katuni kwa Kiingereza na wazee wakituelekeza mji wao ulivyo, soko liko hapa, mto uko pale, ili tuutamke vizuri. Mista Winston aliyashika majina yote. Mwenyewe alisema hajawahi kusafiri sana hivyo bila kutoka Handsworth.

Na mimi nilikuwa mbele. Tulianza kuitwa kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye misiba ya watu tusiowajua, mpaka upande wa pili wa mji, na kila mahali ilikuwa vilevile: miji inapita chini, wanaume watatu wananitandikia, na mimi ninaingia juu yake pale pale ninapotakiwa. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kuchoka kama nilivyokuwa nimechoka. Kwa muda wa wimbo mmoja hakuna aliyekuwa ananiegemea. Nilikuwa ninabebwa. Nikirudi Great Barr kesho yake niliwaosha wazee wangu huku nikivuma sauti ya kwanza, na yule bibi aliniambia dada yake hakuwahi kuimba vizuri hivyo.

Kwenye ukumbi kulikuwa na kidirisha kati ya jikoni na mahali pa kulia, cha kupitishia sahani. Mlango wake wa mbao ulikuwa haufungi vizuri. Siku moja baada ya ibada nilikuwa nakuna sufuria iliyoungua, na ng'ambo yake akina mama wawili walikuwa wanangojea chai.

"Ule dada wa Kenya anaimba muzuri, hata."

"Anaimba muzuri. Lakini ile fasi iko na mwenyewe. Mama Zawadi akifika, utasikia."

"Ah. Basi anamuchungia tu."

"Njo vile."

Yaani namlindia tu mwenyewe nafasi yake. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanasema jambo ambalo kila mtu aliyetoka upande wao wa ziwa alilijua, kwamba mke wa Papa Etabo ndiye aliyekuwa mwimbaji na yeye alikuwa mtu wa kutembea na besi chini yake. Ni mimi tu niliyekuwa sijaambiwa. Niliisugua sufuria mpaka ikang'aa na nyumbani sikula. Tangu siku hiyo, kila Jumapili yalipokuja maombi kwa ajili ya makaratasi ya Papa Etabo, nilisimama na wenzangu nikaomba kwa sauti, Bwana wafungulie njia, na kila neno nilikuwa nalimaanisha, na kila neno liliniuma. Sikumchukia mwanamke ambaye sijamwona. Nilikuwa tu nimepata kitu kimoja katika nchi hii ambacho si cha kuazima, kumbe nacho cha kuazima.

Makaratasi yalitoka majani yakianza kuanguka. Mama Eliza hajaacha kuwakumbusha watu mpaka leo kwamba alitafsiri sawasawa. Kanisa zima lilikwenda kuwapokea uwanja wa ndege, mimi nilikuwa kazini, nikashukuru. Nilimwona Jumapili. Alikaa safu ya pili na watoto wamembana kila upande, amevaa koti la kuazima lililomzidi mikono, amekonda, macho yana uchovu wa mtu aliyesubiri kwa miaka na bado hajaamini kwamba kusubiri kumekwisha. Mchungaji akatuita tuimbe kumkaribisha. Papa Etabo alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Akaanza. Uvira, Makobola, Mboko. Kevo na Mista Winston wakatandika. Nikavuta pumzi, nikaingoja Uvira ya pili, na ilipokuja nikafungua mdomo, na sauti ikatoka safu ya pili.

Hakusimama. Sidhani hata alikusudia. Alikuwa amekaa na mtoto mapajani, na alipoisikia besi ile imepita mara mbili aliingia tu, kama mtu anavyoingia nyumbani kwake. Sauti yenyewe haikuwa laini. Ilikuwa na mikwaruzo, na ilikuwa mahali pake kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kile kiganja, ngoja, ngoja. Papa Etabo hakuwa ananifundisha muziki. Alikuwa anaacha nafasi ya pumzi ya mtu fulani, na mwaka mzima nilikuwa ninaimba ndani yake. Nikafunga mdomo. Kevo aliniangalia, akanisogelea, akanipa sehemu ya sauti ya pili kwa kuniimbia sikioni, Kayole, Umoja, na nikaishika kwa sababu nisingeweza kubaki nimesimama bila kazi mbele ya watu.

Hakuna aliyenifukuza. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hutafuta mkosaji. Baada ya ibada alinifuata jikoni, akachukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe nilivyokuwa naosha. Mikono yake ilikuwa migumu kuliko yangu. Tulimaliza vikombe vyote, na mwisho akanishika kiwiko.

"Dada, aksanti kwa kunichungia fasi."

Nilisema karibu. Ungesema nini wewe? Nikarudi chumbani kwangu, nikalia, nikalala, nikaamka, nikaenda Great Barr.

Kikundi kiliendelea baada ya hapo kwa miaka mingi, na kilikuwa kizuri zaidi, sina budi kusema. Mama Zawadi mbele, mumewe chini, sisi katikati. Ulitokea wakati hakuna matanga ya Waswahili mjini yaliyofanyika bila sisi kuitwa kuimba miji ya marehemu. Kisha Mista Winston akafa, tukamwimbia Clarendon makaburini kwenye mvua huku wajukuu wake wakiulizana sisi ni nani. Kevo akapata kazi Leicester. Majirani wa zamani wa ukumbi walihama, ngoma zikaruhusiwa, vijana wakanunua vipaza sauti vikubwa, na hakuna aliyetufuta. Tuliacha tu kuitwa. Mara ya mwisho tulipoimba wote sikumbuki, kwa sababu hatukujua kwamba ni mara ya mwisho. Sauti yangu nayo, ya kupanda juu, ilikwenda taratibu kama meno yanavyokwenda, na sikuifuatilia.

Kevo alinigusa bega kwenye kiti changu cha plastiki. Walikuwa wanatuita sebuleni. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi, na wale wanaume wa kibustanini walikuwa wamesimama dirishani kwa nje na kofia mikononi. Mzee mmoja alikuwa ameomba wimbo wa miji. Kevo akasema kwa heshima kwamba besi hatuna, lakini kwenye simu yake anayo rekodi ya zamani, Papa Etabo anasikika vizuri, tunaweza kuiweka tukaimba juu yake. Baadhi ya watu waliitikia. Mama Zawadi alikuwa ameinamisha kichwa na nilidhani hakusikia.

"Hapana simu," akasema. Kisha akainua macho akanitafuta kati ya watu. "Dada Rispa. Weye kamata ya juu. Miye nitamuchungia yake."

Nilitaka kumwambia nimechoka. Nilitaka kumwambia amechelewa, kwamba kile nilichokitaka kwa moyo wote nikiwa na sauti ya kukifanyia kazi ananipa leo, nimebaki na mkwaruzo na magoti mabovu, mbele ya picha ya mumewe. Lakini yeye alikuwa ameshaegemea ukuta. Alianza chini kabisa, chini kuliko sauti ya mwanamke inavyopaswa kufika, sauti haikutoka yote, nyingine ilikuwa pumzi tu. Uvira. Makobola. Mboko. Kevo akaingia na Kayole yake, analia waziwazi. Wanawake kwenye godoro walianza kutikisika pamoja. Baraka. Fizi. Nami nikasimama katikati ya sebule nikiingoja Uvira ya pili, kama nilivyoagizwa na marehemu mwenyewe.

Haikuja. Alifika mwisho wa barabara, pale ambapo mumewe alikuwa akigeuka kurudi, na hakugeuka.

"Shard End," akaimba.

Nilipitwa na mahali pangu pa kuingilia. Kiganja chake kikainuka kutoka kwenye goti, kile kile cha mumewe, ngoja, akazunguka tena taratibu, Makobola, Mboko, Baraka, Fizi. Wajukuu wake waliozaliwa hapa walikuwa wamesimama ngazini, na mji huo waliujua.

"Shard End."

Nikaingia.